Muulize Anti Masjala: Mtandao wa ofisi umebaki wa "heri ya kuzaliwa" tu

Kwa wageni wa safu hii, jina la Anti Masjala nilipewa na vijana wa ofisini kwa sababu kazi nilianzia masjala, enzi za majalada ya karatasi na vumbi lake, baadaye nikahamia shirika moja lenye matawi mikoani na siku moja nikajikuta mi ndo nimekabidhiwa funguo za mtandao wa ndani wa wafanyakazi, ule unaofanana na Facebook ila wanaoingia ni watu wa ofisi tu. Toleo lililopita niliomba mniletee maswali kuhusu hiyo mitandao na magrupu ya kazini, nikajua nitapata mawili matatu, kumbe nimechokoza mzinga. Nimechagua sita.

Shikamoo Anti. Mi ni afisa utawala kwenye kampuni ya usambazaji, tuko watu kama 140, makao makuu Dar na matawi Mwanza na Mbeya. Mwaka jana bosi alirudi kutoka semina na habari za mtandao wa ndani, tukanunua, tunalipia kila kichwa kila mwezi tena kwa dola, uzinduzi tukafanya na keki na fulana. Wiki ya kwanza watu waliposti mpaka picha za watoto wao. Sasa hivi ukiingia humo utanikuta mimi peke yangu natakia watu heri ya kuzaliwa na kutangaza kwamba maji yamekatika ghorofa ya pili, laiki mbili, na moja ni yangu. Kazi zote ziko WhatsApp, magrupu nimeyahesabu yako 17, na bosi mwenyewe aliyeununua huo mtandao maagizo anatolea WhatsApp. Sasa ananibana mimi kwa nini watu hawaingii, anataka nitoe waraka kwamba asiyeingia mara tatu kwa wiki atapunguziwa maksi kwenye tathmini. Nifanyeje? (Afisa utawala, Dar es Salaam)

Marahaba mwanangu. Huo waraka usiutoe. Ukiutoa wataingia mara tatu kwa wiki kama ulivyosema, watabonyeza laiki kwenye keki ya mtu, watatoka, na mwisho wa mwezi utampelekea bosi takwimu nzuri kabisa za mtandao uliokufa.

Ngoja nikwambie tulivyokuwa tunafanya masjala, maana nyie mnadhani haya mambo yameletwa na kompyuta. Barua ikiingia inasajiliwa, inapewa namba ya folio, inafungwa kwenye jalada, mhudumu analibeba mpaka kwa ofisa husika. Ofisa anaandika dokezo, kwamba suala hili naliona hivi na hivi, naomba maoni yako. Jalada linakwenda kwa mwingine, naye anaandika dokezo lake chini ya lile, na mwingine chini yake, wakati mwingine wanapingana humo humo kwa adabu zote, mpaka linafika kwa mkubwa anaandika mstari mmoja, nakubali, endelea, saini, tarehe. Miaka mitano baadaye anakuja mtu mpya hajui hili wala lile, anafungua jalada anasoma kuanzia dokezo la kwanza na kabla chai haijapoa anajua nani alisema nini na nani aliamua. Si ndo mtandao huo? Posti zilikuwepo, komenti zilikuwepo, na laiki ya mkubwa ilikuwa na uzito kuliko zote. Na sikumbuki hata siku moja tumetoa waraka wa kulazimisha watu kusoma jalada. Walikuwa wanalifuata wenyewe masjala, wengine kwa ugomvi, kwa sababu kibali cha safari yako kilikuwa ndani ya jalada na kwingine kokote hakipo.

Kwa hiyo usiulize kwa nini watu hawaingii. Uliza ni kitu gani kimeamuliwa humo ndani tangu mlipokata keki. Nadhani jibu unalo. Watu wanakwenda pale mambo yanapoamuliwa, na kwenu yanaamuliwa kwenye simu ya bosi, kwa hiyo wafanyakazi wako wana akili timamu kabisa, wanaofuata ni uamuzi wala hawajakugomea wewe.

Hata huko zilikotoka hizi programu walipita njia hiyo hiyo. Yammer, moja ya hiyo mitandao ya ndani ya maofisini, ilipozinduliwa 2008 ilikuwa inaingia makampuni kwa mlango wa uani, mfanyakazi yeyote mwenye baruapepe ya ofisi anajisajili anawaita wenzake, bosi anakuja kugundua baadaye kwamba nusu ya ofisi wako humo. Waliingia wenyewe kwa sababu kuna kitu walikuwa wanakipata. Microsoft wakaja kuinunua 2012 kwa dola bilioni 1.2, siku hizi wanaiita Viva Engage. Halafu kuna kampuni moja ya Ufaransa, Atos, mkubwa wao Thierry Breton alitangaza 2011 kwamba ndani ya miaka mitatu wafanyakazi waache kabisa kutumiana baruapepe za ndani, mwaka uliofuata wakanunua na kampuni ya mtandao wa ndani, blueKiwi, ili watu wahamie huko. Baruapepe zilipungua, kuisha hazikuisha. Lakini angalia alichofanya yule mzee, alianza kuziacha yeye mwenyewe. Ukitaka kitu kwake unajua pa kumkuta.

Sasa fanya hivi. Chagua kitu kimoja tu, kimoja, ambacho kila mtu anakihitaji na kinaleta manung'uniko. Kwetu sisi kilikuwa gari la ofisi. Nani kachukua gari, nani aliomba kwanza, kwa nini la Mwanza limeenda Shinyanga wakati mi niliomba tangu Jumatatu. Tukasema kuanzia tarehe moja ombi la gari linaandikwa mtandaoni na jibu linatolewa mtandaoni chini ya lile ombi, wote wanaona. Meneja usafirishaji ukimfuata koridoni anakwambia nenda kaandike. Wiki ya kwanza nilitukanwa, ya tatu watu walikuwa wameshazoea kuangalia kila asubuhi kabla ya kuvua koti, na wakishaingia kuangalia gari wanaona na mengine. Baada ya gari tukaingiza ruhusa za likizo. Tuliongeza kimoja kimoja kama mtu anayemzoesha mtoto uji.

La pili ni bosi, na hili kaongee naye mlango umefungwa. Akiulizwa kitu cha kazi WhatsApp asimjibu mtu pale, aandike tu "nimekujibu kule", na kweli awe amejibu kule. Usijitolee wewe kunakili maagizo yake kutoka WhatsApp na kuyabandika mtandaoni, mi nilifanya hivyo miezi minne na nilichofanikiwa ni kuwa mhudumu wa kubeba majalada bila nauli. Kama bosi hawezi hilo, mwambie ukweli aache kulipia hizo dola, nunueni feni.

Na hao wa Mwanza na Mbeya ndo wa kuwaangalia zaidi. Nyie wa makao makuu mna chai ya saa nne, mambo mengi mnayamalizia kwenye chapati pale, mtu wa Mbeya anapata habari wiki mbili baadaye tena kwa dereva. Wao ndo wenye njaa ya huo mtandao. Anzia kwao, waulize swali la kweli kule wapate jibu la kweli siku hiyo hiyo, wa Dar watakuja wenyewe wakiona wameanza kupitwa.

Halafu kuna suala la bando, wenye viyoyozi huwa hawalioni. Mpakiaji wa ghalani anatumia simu yake na bando lake la kujipimia. WhatsApp anaiweka kwa sababu kuna vifurushi vyake vya bei rahisi, hiyo programu yenu inakula MB za chakula cha watoto. Wekeni waifai ghalani au muwape posho ya bando, na wasiokuwa na simu janja msiwalipie akaunti ya bure bure, kabandikeni karatasi ubaoni kama zamani, haina aibu yoyote.

Ah, nisisahau, michango ya harusi na misiba iacheni WhatsApp, msijaribu kuihamisha. Mi nilijaribu. Mtu akifiwa anataka kuona majina ya watu na kiasi kwenye simu yake, hataki kuingiza paswedi.

Assalaam aleikum Anti. Mimi ni nasi (muuguzi) hospitali moja ya kibinafsi hapa Mombasa. Wadi yetu tuna grupu ya WhatsApp, tunabadilishana shifti humo, na daktari akiwa hayupo twapiga picha chati ya mgonjwa ama kidonda twamtumia, yasaidia sana wallahi, maana sistimu ya hospitali iko polepole na kompyuta ni moja wadi nzima. Juzi nikapitia orodha ya walio ndani nikaona wawili walioacha kazi kitambo bado wamo, mmoja yuko Ghuba sasa. Tena picha zajiweka zenyewe kwenye simu, mwanangu alikuwa acheza gemu akaja kuniuliza mama hiki ni nini. Niliogopa. Nikisema nitaambiwa mchongezi, nikinyamaza roho hainipi. (Nasi, Mombasa)

Waaleikum salaam mama. Roho yako inakwambia kweli, ila hakuna haja ya kumchongea mtu hapa maana mwenye kosa si mtu mmoja. Nyote mmetafuta njia ya kumhudumia mgonjwa mahali ambapo vifaa havitoshi.

Kwanza ya usiku huu huu. Zungumza na admini awatoe hao wawili, hata kama ni marafiki zenu na walikuwa wanawachekesha. Kisha kila mmoja azime ule mpangilio wa picha kujihifadhi kwenye galari. Picha ya kidonda isiwe na sura wala jina wala ule mkanda wa mkononi. Watu wanajifariji kwamba WhatsApp imefungwa kwa msimbo tangu 2016 hakuna anayeweza kusoma katikati, ni kweli, lakini huo ni ulinzi wa njiani tu. Ikishafika kwenye simu imefika, na simu inaibwa kwenye matatu, inapelekwa kwa fundi, inachezewa na mtoto.

Kenya mna sheria ya ulinzi wa data ya 2019 na mna Kamishna wa hayo mambo, na habari za afya ya mtu zimewekwa kwenye kundi la zile nyeti. Anayebeba mzigo wa kwanza ni hospitali kama taasisi, hilo ndo la kumwambia matroni. Usiende na majina, nenda na ombi. Kwamba wadi inahitaji tableti moja ya hospitali yenye programu ya mawasiliano ya hospitali, mtu akiacha kazi akaunti yake inafungwa siku hiyo hiyo ofisini, si mpaka admini akumbuke. Kuna programu kama Mattermost na Rocket.Chat ambazo hospitali inaweza kuziweka kwenye seva yake yenyewe, mtu wao wa IT atazijua.

Lakini kinachonisumbua mimi mtu wa masjala kuliko hata picha ni hiki, daktari akiandika WhatsApp "ongeza dozi", hiyo amri iko wapi kesho? Kama haikuingia kwenye faili la mgonjwa saa ile ile, haikuwahi kutolewa. Likitokea la kutokea utatafuta kwenye simu ukute ujumbe umefutwa. Mwaka 2021 mwezi wa Desemba benki kubwa ya Marekani, JPMorgan, ililimwa faini ya jumla ya dola milioni 200 na wasimamizi wawili wa serikali, na sababu haikuwa wizi, ni wafanyakazi kufanya mazungumzo ya kazi kwenye WhatsApp na simu zao binafsi na benki haina kumbukumbu. Hiyo ni biashara ya hisa, watu walikuwa hawafi. Kwa hiyo WhatsApp iwe ya kumwita daktari, amri yake iandikwe kwenye faili na aje aisaini.

Shkamoo anti, mambo? Tuko watu 12, tuna kampuni ndogo ya safari hapa Arusha, ofisini wanne, waliobaki ni madereva wako porini. Kuna jamaa anatuuzia mfumo wa mawasiliano ya timu anasema kampuni zote sirias zimetoka WhatsApp, partna wangu ameshapagawa nao. Mi naona tutapoteza hela ila sina hoja. Nipe hoja. (Kijana wa safari, Arusha)

Marahaba. Hoja hii hapa, watu 12 mnatosha kwenye Noah mbili. Msilipe.

Fungueni grupu moja kwa kila safari, jina la grupu liwe jina la mteja na tarehe, wawemo dereva, mtu wa kubuku loji na wewe, basi, safari ikiisha hamisheni mazungumzo muhimu kwenye faili la mteja na grupu ilale. Tangu Novemba 2022 WhatsApp wana ile inayoitwa Komyuniti, unakusanya magrupu yako yote chini ya paa moja na tangazo moja linafika kote, kwa ukubwa wenu inatosha na kubaki. Sharti langu moja tu, voisi za dakika tano marufuku kwa mambo ya tarehe na hela. Voisi haitafutiki. Dereva anaweza kutuma voisi sababu ameshika usukani, lakini wa ofisini akishaisikiliza aandike chini yake kwa mstari mmoja alichokielewa, mwenzake athibitishe. Ni dokezo lile lile mwanangu.

Na huyo jamaa akija na habari za kutumia bure programu kama Slack, muulize kuhusu historia. Ya bure inakuonyesha siku 90 tu za nyuma. Nyie msimu wenu mkubwa Juni mpaka Oktoba, mteja wa Agosti akikuandikia Januari kwamba mlimwahidi kumrudishia hela ya safari ya puto, utatafuta ahadi ilitolewaje na hutaona kitu.

Wakiwa Serengeti huko ndani mtandao unakatika, redio kolu kwenye gari mnazo na zitumike. Na karatasi yenye namba za simu za wote iwe ndani ya kila gari, imepigwa laminesheni. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram zilizima dunia nzima kwa muda wa kama saa sita, hata wafanyakazi wa Facebook wenyewe walishindwa kuwasiliana vizuri sababu mtandao wao wa ndani ulikuwa umelala na vingine. Siku ile waliokuwa na namba kwenye karatasi walifanya kazi.

Anti habari za siku. Mimi mhasibu wa shirika fulani Dodoma. Mtandao tuliokuwa tunautumia ofisini mwenye nao aliufunga, taarifa zilikuja mapema ila kila mtu alidhani mwenzake anashughulikia. Miaka sita ya mazungumzo, vibali, picha za miradi, imepotea. Sasa tunaletewa mwingine na mimi nimegoma kuweka kitu. Nina makosa? (Mhasibu, Dodoma)

Huna, ila kugoma hakutakusaidia, utabaki na vibali vyako kwenye simu na simu nayo siku moja itaingia kwenye ndoo ya maji.

Yaliyowakuta nyie yamewakuta wengi. Mfano unaojulikana ni Workplace, mtandao wa maofisini wa Meta wenye Facebook, ilizinduliwa Oktoba 2016, mashirika makubwa duniani yakaingia, Mei 2024 wakatangaza kuifunga. Matumizi ya kawaida yakaishia mwisho wa Agosti 2025, baada ya hapo ikabaki ya kusoma na kupakua tu, mpaka mwisho wa Mei 2026. Waliwaelekeza wateja waende Workvivo, ambayo ni ya Zoom. Google nao walikuwa na yao ya maofisini, waliibadilisha jina ikafa 2023. Yani hata mwenye nyumba awe tajiri kiasi gani wewe ni mpangaji, na mpangaji vyombo vyake vya thamani haviachi vikining'inia ukutani.

Kabla hamjaweka posti ya kwanza kwenye huo mpya, andikeni karatasi moja. Nani kwa cheo, si kwa jina, anapakua kumbukumbu zote kila robo mwaka, na zinakaa wapi. Mwulizeni muuzaji mbele ya mkurugenzi jinsi ya kupakua na awaonyeshe kwa macho, asiwaambie tu inawezekana. Na vibali vya fedha, wewe mhasibu, hata kama vimetolewa mtandaoni, vichape uviambatanishe kwenye hati ya malipo siku hiyo hiyo. Mkaguzi akija hatakuomba paswedi.

Hiyo iliyopotea mwandikie mtoa huduma mara moja kabla hujakata tamaa, wengine wanaweka akiba kwa muda. Na wa kulaumiwa yupo, ile "kila mtu alidhani mwenzake" ina maana hakuna aliyekuwa amepewa hiyo kazi, kwa hiyo ni menejimenti. Huwezi kuwaambia, ila ujue.

Anti bosi wetu anatuma meseji kwenye grupu ya kazi saa tano usiku, ukisoma tiki za bluu zinakuumbua, usiposoma asubuhi anauliza hadharani kwani nyie mnalala? Mume wangu ameshaanza kuona nina mtu. (Niliyechoka, Kinondoni)

Pole mdogo wangu. Kwanza zima tiki za bluu kwenye mipangilio, ila ujue kwenye magrupu hazizimiki, anaweza kuona nani kasoma, kwa hiyo dawa ni kuinyamazisha hiyo grupu kuanzia saa mbili usiku na simu ilale sebuleni. Mume nae atapumua.

Sheria ya ajira na mahusiano kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na kati ya kumaliza kazi na kuanza tena mtu apate mapumziko ya saa 12 mfululizo. Kama wewe si wa ngazi ya umeneja hiyo inakuhusu. Haijataja WhatsApp popote, lakini kazi ni kazi hata ikifanyiwa kitandani. Ufaransa tangu Januari 2017 makampuni yenye watu 50 na kuendelea yanatakiwa kujadiliana na wafanyakazi wao juu ya haki ya kuzima simu baada ya kazi. Sisi hatujafika huko, kwa hiyo nakushauri usianze na sheria, ukianza na sheria kwa bosi wa kitanzania utakuwa umeanza vita.

Anza hivi. Mabosi wengi wa saa tano usiku si wakatili, wanakumbuka jambo wakaogopa kulisahau, wanalitupa kwenye grupu likalale huko. Mwambie, asubuhi tena akiwa ameshakunywa chai, kwamba kuna programu zinazokuruhusu kuandika usiku ikatumwa saa mbili asubuhi, Slack na Teams zote zinafanya, hata baruapepe ya Gmail inafanya. Na mkubaliane cha dharura ni cha kupiga simu. Mtu anayeandika anaweza kuandika mambo kumi saa tano usiku, lakini wa kupiga simu saa hizo anafikiria mara mbili. Asipobadilika ndo unaenda kwa HR na unakwenda mkiwa zaidi ya mmoja.

Anti, grupu ya walimu shuleni kwetu tuko 43. Mwalimu mkuu kila alfajiri anaweka dua, sote twajibu Ameen mmoja mmoja, kisha mtaaluma anaweka ratiba ya mitihani katikati hapo, inazama, watu wanakosa usimamizi. Hakuna anayethubutu kusema. (Mwalimu, Unguja)

Wala msiseme. Mwombe mtaaluma afungue grupu ya pili, aiite Ratiba na Matangazo, aiweke ile ya maadmini tu ndo wanaandika, na mwalimu mkuu awe admini wa kwanza kuingizwa, apigiwe simu kabisa kuombwa ridhaa yake. Ratiba ziende huko, na ratiba mpya ibandikwe juu isizame. Ile ya zamani msiiguse, na wewe alfajiri uendelee kuitikia Ameen kama kawaida, tena usiwe wa mwisho.